Mwanaidi Aliyeachwa Unguja

Juzi mwanangu alirudi kutoka skuli, hapa Ghubra, mtaa wa Maskati, na shajara za watoto waliohamia huku zamani kutoka Unguja. Mwalimu anawasomesha maisha ya waliotangulia. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumba nzima ikinukia bizari, nilipofungua daftari la mama la udogoni. Aliandika: "Leo tunasafiri. Mwanaidi tunamwacha Unguja. Baba kasema hapana nafasi."

Nilidhani ni dada yake. Nikaogopa kwamba siku tukihama, nitaachwa mimi. Nikamkimbilia jikoni nikilia.

"Mama, Mwanaidi nani?"

Akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Paka wangu, mwanangu. Alibaki kwa bibi, akanenepa."

Nikashusha pumzi. Kisha nikamwomba anisomee daftari zima, tangu mwanzo.