Siku Niliyoyakataa Madirisha ya Bi Raya

Leo nacheka, lakini siku ile pale Mtambile, Pemba, nilitamani ardhi ipasuke inimeze na shati langu la mkutano. Nilitoka Tukuyu kwa basi, nikavuka kwa meli hadi Unguja, nikapanda meli nyingine hadi bandari ya Mkoani huku natapika, na nilipoambiwa nikapande chai maharage (ndilo jina la magari yao ya mbao ya abiria) nikajibu asante, nimeshakula.

Nilikwenda kutengeneza kompyuta za skuli. Zilikuwa kuukuu, za msaada, zinatumia mfumo wa Linux na zinakwenda vizuri tu, ila programu mpya ya masomo, ya kampuni moja ya mjini, ilikubali Windows peke yake, kwa hiyo watoto wanakaribia mtihani huku wanatazama vioo vitupu. Kampuni ikamtuma bwana mmoja, mkutano ukaitishwa katika ukumbi wa skuli, nami nikapewa nafasi ya kumshawishi watuletee na ya Linux. Nikaona wazee hawatanielewa nikichanganya Kiingereza, bora nitafsiri kila kitu (hapo ndipo nilipojimaliza). Nikapaza sauti:

"Hatuyataki madirisha! Kwa nini mnatulazimisha madirisha? Sisi tunaishi vizuri bila madirisha!"

Mbele yangu kakaa Bi Raya, mkuu wa kikundi cha kina mama waliosuka mikeka na kuuza mpaka wakautilia ukumbi ule ule madirisha mapya, rangi bado inanuka.

"Weye mgeni," akasema taratibu, "madirisha yangu yamekukosea nini?"

"Siyo hayo, Bi Raya! Ni ya ndani ya kompyuta."

"Kompyuta ina madirisha? Basi na mlango inao. Utumie huo huo, utoke!"

Watu wakaangua kicheko, bwana wa kampuni akafuta machozi, nami jasho linanitiririka nikaeleza upya, safari hii Windows nikiiita Windows. Bi Raya alipofahamu akamgeukia yule bwana.

"Mwanangu, na hawa wasio na hayo madirisha yako wasome wapi?"

Bwana akaahidi kuwaletea yao. Programu ya Linux ikaja kabla ya mtihani, na watoto wakaiita "isiyo na madirisha".

Tangu hapo nimeapa, Windows sitaitafsiri hata nikiongea na bibi yangu. Miguu yangu haijui kutulia, kazi ilipokwisha nikaondoka Pemba, na gari lilipopita skuli kichwa cha Bi Raya kikachomoza kwenye dirisha la ukumbi.

"Weye usotaka madirisha! Ungekuwa ukuta mtupu hapa, leo ningekuagaje?"