Hatua ya Kati

Mke wangu ni fundi wa tovuti ya gazeti, na mimi nafundisha hesabu katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Binti yetu anakaa nami na mama yangu. Juzijuzi alimwita bibi yake "mama", na hakuna aliyemsahihisha. Tangu hapo nimekuwa mtu wa hasira, sifichi.

Gazeti lina ofisi mjini kwetu pia, na kazi ile ile angeifanya kule. Aliomba uhamisho. Mkuu wake wa kitengo, bwana mpole wa kukera, kila akiulizwa hujibu, "Ombi lako liko juu, dada. Subira yavuta heri." Subira yetu imevuta mpaka kamba imekatika.

Likizo hii tulimfuata mimi na mtoto. Anafanya kazi ghorofani, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilipigiliwa misumari kwa ajili ya kiyoyozi, na kiyoyozi chenyewe kilishakufa. Akatukalisha kwenye benchi nyuma ya kiti chake. Mkurugenzi alikuwa anakuja kuona kitu alichokiagiza mwenyewe: kitufe cha herufi kubwa, kwa wasomaji wenye macho yaliyochoka kama yake.

Tukimngoja, mke wangu akanieleza kwa kunong'ona. Habari hupita hatua tatu kabla ya kufika mtandaoni. Ya kwanza husoma faili la XML, yaani habari ghafi yenye alama zake, ya kati huipanga, ya mwisho hutengeneza ukurasa. Msomaji akibonyeza kitufe, chaguo lake huingia hatua ya kwanza kama kigezo, na kigezo hicho lazima kikabidhiwe mkono kwa mkono hadi mwisho.

"Kila hatua inajua kile tu ilichopewa na iliyoitangulia," alisema. "Ya kwanza na ya mwisho nimeandika mimi. Ya kati ni ya mkuu. Hataki mtu aiguse."

"Na kigezo chako ameshakiongeza?"

"Nimemkumbusha mpaka naona haya."

Mkurugenzi akaja akifuatana na mkuu wa kitengo, akavaa miwani, akabonyeza. Ukurasa ukafunguka na herufi zile zile, ndogo kama sisimizi. Akabonyeza tena. Mkuu akasema leo mtandao mzito.

"Mtandao hauna tatizo, mzee," mke wangu akasema taratibu. "Chaguo lako limefika hatua ya kati likaishia hapo. Ile hupitisha vigezo vilivyotajwa ndani yake tu. Kisichotajwa inakiacha, na wala haisemi."

"Haisemi kabisa?"

"Haisemi. Aliye mwisho anadhani hakuna aliyeomba kitu."

Mkurugenzi akaamuru irekebishwe pale pale. Mkuu akampisha mke wangu kwenye mashine yake shingo upande. Akaongeza mistari miwili, basi. Herufi zikajaa kwenye kioo, na binti yangu akasoma kichwa cha habari kwa sauti akiwa pale pale kwenye benchi. Mkurugenzi akacheka kwa furaha.

"Sema, mama, nikushukuru kwa kitu gani?"

"Uhamisho wangu, mzee. Lile ombi lililoko kwako."

"Ombi gani?"

Mke wangu akamgeukia mkuu wake. Yule bwana alikuwa anapangusa simu yake kwa shati, kwa bidii sana. Nilijikuta nimesimama. Kama si mkono wa mtoto niliokuwa nimeushika, siku ile ningeaibisha ualimu.

"Kwangu halijafika," mkurugenzi akasema. Si mtu mbaya, na alisikitika kweli. "Lakini usijali. Andika jingine, nitaliangalia."

"Nikuletee sasa hivi?"

"Hapana, mama, utaratibu ni utaratibu. Lipitishe kwa mkuu wako."

Akaondoka akisifia herufi. Mke wangu akaketi na kuandika ombi upya. Mkuu akalipokea kwa mikono miwili, akalitia kwenye droo iliyojaa makaratasi, akaisukuma kwa goti mpaka ikafunga.

"Subira, dada," akasema.

Mke wangu alirudi kwenye kiti chake, akatugeuzia mgongo, nikajua analia kwa jinsi alivyokuwa hagusi kitu.

Tukishuka ngazi, binti yangu akaniuliza kama mama tunarudi naye.

"Ombi lake liko juu, mwanangu," nikasema.