Samaki wa Mti wa Euphrasia

Euphrasia aliyaogopa maji, na kazi yake ilikuwa ya majini. Sisi wa mwalo huu wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, mbele kidogo ya Nkome, tulilizoea hilo. Alikuwa bado mtoto mdogo alipomwona mamba akimchukua kaka yake Benjamini, pale pale walipokuwa wakioga pamoja. Tangu hapo hakuwahi kutia mguu ziwani. Maji aliyachota kwa ndoo ya kamba, yeye amesimama juu ya jiwe.

Kazi yake ilitokana na Liaquat, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Geita mjini, anayekuja Jumapili kuvua kwa kujifurahisha. Liaquat alikuwa na samaki wa plastiki, wale wanaofungwa kwenye mshipi na kuburuzwa ili sangara adhani ni samaki wa kweli. Siku moja samaki huyo aligonga mwamba akapasuka. Pantaleo, mume wa Euphrasia, ndiye aliyekuwa akipiga makasia siku hiyo. Akakiokota kile kilichobaki, akampelekea mkewe, kwa kuwa Euphrasia alikuwa fundi wa kuchonga miiko.

Euphrasia akachonga samaki wa mkuyu mkavu, akampachika ulimi wa bati chini ya kidevu, akamtia kipande cha risasi tumboni kama uzito ili asimame wima, kisha akampaka rangi ya kucha ya binti yake Sesilia. Liaquat alimpata sangara siku ile ile aliyomtumia. Baada ya hapo akawa anataka wengine, na rafiki zake nao wakataka. Hata Pantaleo alipoondoka kwenda kuchimba kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, nyumba haikuyumba.

"Kuchonga ni rahisi," Euphrasia alikuwa akituambia. "Shida ni kumfanya aogelee."

Kila samaki ilibidi amjaribu ziwani. Alimtoa ndoano asije akanasa majani, akasimama juu ya jiwe refu la ufukweni, akamrusha kwa mshipi aliouzungusha kiganjani na kumvuta taratibu. Akiona samaki anakwenda kushoto, alimtoa, akashika plaizi na kuipinda kidogo pete ya puani, ile inayofungiwa mshipi, kuelekea kulia. Akiona analala ubavu, aliunyoosha ule ulimi wa bati. Alirudia hivyo mpaka samaki aende moja kwa moja huku akitikisa mkia. Na muda wote huo macho yake hayakutulia: aliangalia samaki, akaangalia matete, akaangalia miguu yake mwenyewe.

Mwaka jana alikuja kwenye mwalo wetu mwanamke kijana aitwaye Aneth, kutoka upande wa Mhunze, akimfuata mumewe mvuvi. Kwao ni nchi kavu, na ziwa lilimpendeza kama zawadi. Alipenda kufulia juu ya jiwe pana lililo ndani ya maji, ambalo unalifikia kwa kukanyaga maji ya magotini.

"Usifulie huko, mdogo wangu," Euphrasia alimwambia.

"Mama Sesilia nawe! Utaogopa mpaka kivuli chako."

Euphrasia akarudi kwa samaki wake. Aliona aibu kidogo.

Asubuhi moja wanaume walikuwa upande wa pili wa mwalo wakipakia samaki kwenye gari, jenereta inanguruma. Aneth alikuwa juu ya jiwe lake na beseni la nguo. Euphrasia alikuwa juu ya jiwe refu, akijaribu samaki mpya mwenye mgongo mwekundu. Alikuwa ndiyo kwanza amemnyoosha akawa sawa, alipotazama matete na kuona gogo.

Gogo lilikuwa linakwenda kinyume cha upepo.

Alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Mamba alipita polepole, akasimama kati ya jiwe la Aneth na ufukwe, palipo na njia pekee ya kutokea. Hapo ndipo Aneth naye alipomwona. Beseni likamponyoka.

"Mayu! Mayu wane!" alilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake. "Mama Sesilia, nifanyeje?"

"Kaa katikati," Euphrasia alisema, na sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Usitie mguu majini."

"Anakuja!"

Kweli alikuwa anakuja. Jiwe la Aneth lilikuwa la chini, na mamba haoni taabu kulikwea jiwe kama lile. Euphrasia aliwaita wanaume, jenereta ikammeza sauti. Alijua akikimbia kuwaita, akirudi atakuta nguo tu.

Kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni yule samaki.

Akamrusha. Mikono ilikuwa inatetemeka, samaki akagonga jiwe kwanza ndipo akaanguka majini. Alipomvuta, akaanza kuzunguka kama feni. Pete ya puani ilikuwa imepinda. Mamba hakugeuza hata kichwa.

Alimvuta upesi, akashika plaizi. Plaizi ikateleza vidoleni ikatumbukia majini chini ya jiwe. Akaipachika ile pete katikati ya meno, akauma na kupinda. Jino la pembeni lilimeguka na hakusikia maumivu. Aliitazama pete ikiwa mbele ya uso wake, akaona haijakaa katikati, akauma tena.

Safari ya pili samaki aliogelea vizuri, amenyooka, kama anavyotakiwa. Mamba akabaki vilevile, macho kwa Aneth.

Euphrasia alihisi mkojo wa moto ukimshuka miguuni. Akakumbuka jambo alilofundishwa na Liaquat mwenyewe: samaki mzima huogelea sawasawa, ila aliyejeruhiwa hukurupuka, akasimama, akapanda juu, akatetemeka. Akavuta kwa ghafla mara moja. Akaacha. Mti ukaelea juu. Akautikisa mshipi kwa ncha ya vidole, kidogo tu, kama mtu anayetetemeka kwa homa, na hilo halikuwa gumu. Akavuta tena, akaacha.

Mamba akageuka.

Sasa alikuwa anakuja kwake. Kila alipovuta, alikuwa anamsogeza karibu. Na pale juu ya jiwe refu alikuwa karibu mno na njia ya Aneth. Ili mamba aende mbali, ilibidi ashuke, atembee ukingoni mwa maji kuelekea matete. Hakuna mahali duniani alipopaogopa kama pale. Baadaye alinieleza kwamba alimwona Benjamini, si kama ndoto, alimwona nywele zake zimelowa.

Alishuka. Alitembea kinyumenyume mchangani, akivuta, akiacha, akitikisa. Yale macho mawili yalifuata.

"Sasa! Toka!"

Aneth hakusogea.

"Aneth! Toka nakwambia!"

Aneth akaruka majini. Kishindo kilikuwa kikubwa, na mamba akaanza kugeukia huko. Euphrasia akatikisa mshipi kwa nguvu zake zote, samaki akapiga maji juu juu, na hapo mamba akamrudia, akamfungia kinywani. Mshipi uliozungushwa kiganjani ukakaza, ukamkata mpaka nyama, ukamwangusha kwa magoti ndani ya maji. Aliburuzwa. Anasema hakufikiri chochote, aliona rangi ya kahawia tu. Kisha mikono ikamkamata kiunoni kwa nyuma. Ilikuwa ya Aneth. Mti ukavunjika kinywani mwa mamba, mshipi ukalegea, na wanawake wawili wakaanguka chali mchangani, wakatambaa mpaka kwenye nyumba ya kwanza.

Jilala, mwenyekiti wa mwalo, aliwaita watu wa wanyamapori. Walikaa siku kadhaa, mamba hakuonekana tena, na hilo ndilo lililotutia hofu zaidi. Tulichimbia uzio wa miti mahali pa kuchotea maji. Pantaleo alirudi kutoka Nyarugusu, akamkuta mkewe amefungwa mkono, hataki mlango ufunguliwe jua likizama.

Liaquat alikuja kumpa pole. Akasema, "Mama Sesilia, wewe ni jasiri sana."

"Si jasiri, kaka. Niliogopa mwanzo mpaka mwisho. Hata sasa naogopa, hapa tulipokaa."

Ilichukua muda mrefu kabla hajashika tena kisu cha kuchongea. Siku hizi anajaribu samaki wake ndani ya ule uzio, na Aneth husimama pembeni na kazi moja tu, kuangalia maji. Wiki iliyopita niliwakuta pale. Wimbi lilipiga miti ya uzio, wote wawili wakaruka nyuma pamoja, wakashikana mikono. Kisha Euphrasia akasema yule samaki anakwenda kushoto, akamvuta nje ili amrekebishe.