Kidonda na Viti vya Kanisa
Mwanafunzi wa uuguzi hakushindana na usingizi mbele ya kitabu. Alikifunika, akafumba macho, akapita kwa mawazo kwenye viti vya kanisa la kijijini kwake, kisiwani Savai'i, ambako kila mzee alikuwa amemkabidhi hatua moja ya kufunga kidonda ili asiisahau. Vidole vyake vyenye harufu ya dawa viligonga goti kila alipomfikia mmoja. Akifeli tena mtihani wa vitendo, angerudishwa nyumbani.

Siku ya mtihani, mbele ya mama msimamizi, alianza kwa kuvaa glavu.

"We binti, mikono hujanawa?"

"Hatua hiyo nilimpa mzee Lemalu, mama. Leo kichwani mwangu hakuja ibadani."

"Kwa hiyo mgonjwa aoze mpaka mzee arudi?"

Binti hakucheka. Aliomba kuanza upya, na hatua ya kunawa mikono akamkabidhi mchungaji, asiyekosa ibada hata moja.