Ukisikia Kengele, Sema

Mwezi uliopita nilitoka Lodwar kwenda Kakuma kumwona nyanya yangu, na chai niliyobeba kwenye chupa ilikuwa bado moto tulipofika. Sikuamini. Lami ni mpya, nyeusi, imenyooka. Wewe uliyeijua barabara ile zamani utanielewa. Ilikuwa na mashimo ya kumeza gurudumu, na magari yalikwenda kwa msafara wa askari au hayakwenda kabisa. Msafara ukishapita, barabara ilibaki tupu hadi kesho yake. Kimya chake kilikuwa kizito, mpaka ukajikuta unatembea kwa kunyata bila kujua ni nani hutaki akusikie.

Nilishusha kioo cha gari. Harufu ya vumbi na moshi wa makaa ya miti ya mathenge ikaniingia puani, na papo hapo nikarudi kuwa na miaka minane.

Nilikuwa na kifafa. Nyumbani hatukulitaja jina hilo, tulisema tu "ile kitu". Mama alifanya kazi jikoni katika hoteli moja Lodwar na kunitumia dawa kwa dereva wa basi. Mimi nililelewa na nyanya Kakuma, karibu na laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha milimani. Nyanya alisuka vikapu vya majani ya mkoma, nami kazi yangu ilikuwa kuyaloweka majani na kumpa moja moja. Hakuniruhusu kwenda mbali na mkono wake. Niliwahi kuangukia moto wa kupikia uji, na kovu lake ninalo mpaka leo, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Shuleni mwalimu aliniketisha mlangoni ili nikianguka nitolewe upesi. Watoto wenzangu hawakunishika mkono, maana walisema mate yangu yanaambukiza.

Basi siku nzima niliwatazama watu wa baiskeli wakipita kwenda kambi ya wakimbizi. Nilipenda jinsi miguu yao ilivyokuwa haigusi chini.

Fundi wa baiskeli pale ukingoni mwa kambi alikuwa mtu wa Kongo, mrefu, mpole, anayeongea kama anayemwamsha mtu taratibu. Alinunua kwa nyanya vikapu vya kuwekea vyuma vyake. Siku moja aliniona nikizungusha kwa mkono pedali ya baiskeli iliyopinduliwa, sitaki kuondoka.

"Mama," akamwambia nyanya, "huyu mutoto anapenda kinga." Kwao baiskeli huitwa kinga.

"Yeye iko mgonjwa," nyanya akajibu. "Ile kitu nashika yeye, naanguka."

"Hataanguka. Atakaa nyuma yangu."

Nyanya alisuka mstari mzima kabla ya kusema tena. "Si kuanguka tu. Hii barabara iko na watu hapana onekana."

Fundi hakucheka. Alisema, "Najua, Mama," kisha akarudi kwenye kazi yake.

Alichukua baiskeli mbili nyeusi, zile nzito za kubebea maji, akaziunganisha kuwa moja ndefu. Mnyororo wa nyuma aliufunga kwenye pedali za mbele, hivi kwamba akikanyaga yeye, zangu nazo zilizunguka. Kiti changu alikiwekea mgongo wa kiti cha plastiki. Kofia ngumu ya mjenzi aliishonea sponji ya godoro kwa ndani. Alikwenda zahanati mwenyewe kumuuliza muuguzi, akarudi akiwa amekariri masharti: dawa kila siku bila kukosa, nisipande na njaa, nisipande juani, na nikishikwa nilazwe kwa ubavu, nisitiwe kitu kinywani. Nyanya alimsikiliza, kisha akakata kipande cha kitenge chake ili nifungwe nacho kwenye kiti. Ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Asubuhi aliyoileta, majirani walimwona akija peke yake, na nyuma yake pedali zinazunguka zenyewe, juu, chini, juu, chini, kama kuna miguu. Mama mmoja alimwita mwanawe ndani akafunga mlango.

Tulikuwa tunatoka alfajiri, nimekunywa uji, tukielekea upande wa Loki, mji wa mpakani. Sijui nikuelezeje. Mimi ambaye sikuwahi kwenda mbio zaidi ya mwendo wa bibi kizee, nilipita vichuguu virefu vyekundu vikinitazama kimoja kimoja, nikapita mbuzi, nikapita wachungaji wa kijiji cha Lopur walioinua fimbo kutusalimu, "Ejok!" Kulikuwa na mahali barabara inateremka kukata laga. Pale fundi alikuwa anaacha kukanyaga na upepo unaingia ndani ya kofia ukiimba. Nilipiga kelele za furaha hadi koo likauma.

Siku ya nne au ya tano, katikati ya kimya, nilisikia kengele nyuma yetu. Krin, krin. Kengele ndogo ya baiskeli, kama mtu anaomba njia. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu hadi mwisho wa macho. Kisha sikumbuki kitu. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwa ubavu mchangani, shati la fundi limenifunika uso kunikinga jua linalochomoza.

"Uliona nini mbele ya kuanguka?"

"Nilisikia kengele."

"Kengele gani? Kinga yetu haina kengele." Alitazama tulikotoka, akatazama muda mrefu. Kisha akanifuta mchanga mdomoni. "Haiko mbaya. Kesho, ukisikia kengele, sema. Mimi nitasimama."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea miezi yote ile. Nikisema, "Kengele," anasimama, ananifungua, ananilaza, anasubiri. Sikuumia hata mara moja. Mara nyingine wiki mbili zilipita bila kuisikia. Lakini ilipokuja ilikuwa karibu zaidi kuliko mara iliyotangulia, na fundi, hata kabla sijafumba macho, alikuwa daima ameketi kati yangu na upande ule wa nyuma, ameupa uso.

Siku ya mwisho ilikuwa ya kawaida. Hapakuwa na upepo. Tulikuwa tumeteremka kwenye laga na kupanda ng'ambo aliposhika breki ghafla.

"Umesikia?"

"Hapana," nikasema. Sikuwa nimesikia kitu, kweli. Kichwa changu kilikuwa chepesi, nina njaa ya kuteremka tena.

Hakugeuka nyuma. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na jua lilikuwa halijapata nguvu. "Leo minasikia mimi," akasema.

Alinifungua kitenge pole pole, akanishusha, akanikunjia kile kitambaa mkononi. Wanawake watatu wa Lopur walikuwa wanakuja na magunia ya makaa kichwani. Aliwaomba wanirudishe kwa nyanya.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Niende kidogo mbele, nione ni nani anaita."

"Lakini wanaita nyuma."

Alitabasamu kama mtu aliyesahihishwa jambo dogo. "Kwako ni nyuma," akasema.

Akapanda. Nilimtazama akiondoka, zile pedali zangu zikizunguka nyuma yake. Mvuke wa ardhi ulikula magurudumu kwanza, akawa anaelea, kisha ukamla yeye. Mama mmoja wa makaa alinigeuza kichwa kwa mkono wenye masizi. "Hapana angalia sana," akasema.

Hakurudi. Jirani zake kambini walikuta banda limefungwa kufuli, vyombo vyake vimepangwa kwenye kikapu kwa ukubwa. Askari wa kizuizi cha mbele walisema hakuna baiskeli iliyopita siku hiyo, ndefu wala fupi. Wengine walisema alipata lori, akaenda zake Sudan na kwingineko. Lakini kwao kulikuwa upande mwingine kabisa. Nyanya aliendelea kunipa dawa, na kila asubuhi aliniacha nikasimame kando ya barabara, jambo ambalo hapo awali asingelikubali kamwe.

Nilianguka mara chache baada ya hapo, na kabla ya kubalehe ile kitu ikaniacha. Daktari mmoja aliniambia wagonjwa wengi husikia au hunusa kitu kabla ya kushikwa, ni ubongo tu unajidanganya. Nikashukuru kwa maelezo. Sikumuuliza kuhusu ubongo wa mtu aliyekuwa mbele yangu.

Safari hii nilipofika, nyanya alikuwa amelala, basi nikatembea hadi barabarani. Banda la fundi sasa ni duka la kuchaji simu, na kijana anayeliendesha hajawahi kusikia habari za fundi Mkongo. Vichuguu vimesawazishwa na matingatinga. Magari yanapita yakifuatana, hakuna nafasi ya kimya hata ya kumeza mate. Zamani mtu akija kwa mbali ulikuwa na muda wa kumtambua, wa kujiuliza maswali, hata wa kuogopa. Sasa anatokea na amekwisha kupita.

Bodaboda mmoja aliniona nimesimama, akaja.

"Madam, twende?"

"Hapana, asante. Namngoja mtu."

Alizima pikipiki, akatazama barabara huku na huku kwa wema, akitaka kunisaidia.

"Anatoka upande gani?"

Niliinua mkono kuelekea Loki, kisha nikageuka kutazama nyuma.