Siku niliyoitangazia misa nzima vidonge vyangu

Nani mwingine amewahi kutangaza kanisani dawa yake ya huzuni? Minye hapa.
Nimeikumbuka leo, nikacheka peke yangu.

Miaka ile nilikuwa fundi kiwandani Shituru. Masikio yangu yakaanza kulia fiiii, mchana kutwa. Usingizi ukapotea, nikajaa woga na huzuni. Docteur akanipa vidonge.
"Mulio utabakia," akasema, "lakini hautakusumbua sana."

Mke wangu Clémence akaniapisha nisimwambie muntu. Wangesema nina wazimu!

Basi Jumapili moja, katikati ya misa: fiiiiii!
Nikatulia tuli. Nikajua ni masikio yangu.
Kutazama hivi, watu wote wameziba masikio!
Jamani, niliwahurumia. Parokia nzima imeshikwa na ugonjwa wangu!
Nikasimama, nikapaza sauti:
"Musiogope! Docteur iko na vidonge ya hii kitu! Na minye nakunywaka!"

Kumbe ni kipaza sauti kipya cha padri kilichokuwa kinapiga kelele. Na mtu alikuwa ameshakizima.
Kanisa zima likanigeukia.
Clémence akajifunika uso kwa kitenge.

Nje nikataka kukimbia, nikashikwa mkono. Alikuwa Papa Kalonji, kapita wetu, msimamizi wa kazini, ambaye sote tulimwogopa.
Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.
"Ndugu yangu," akanong'ona, "ule docteur iko wapi? Na minye usingizi inanikimbiaka."

Kesho yake tulikwenda pamoja.

Nani kati yenu alikuwa kwenye misa ile? Mujitaje. Clémence bado hajanisamehe.