Foleni ya Mashine ya Malangali

Jumamosi nilipeleka debe la mahindi mashineni, Malangali. Foleni ilifika barabarani. Mwanamke aliyekalia gunia alikuwa akisoma riwaya kwa sauti, akishindana na mngurumo wa mashine. Bibi mmoja akamkatiza: "Huyo mume ni maneno tu. Jembe anashika saa ngapi?" Foleni nzima ikacheka.

Nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Mbona mashine ya ng'ambo ya barabara haina mtu?"

"Marahaba. Tunajua. Huko hawasomi."

Ndilo soko huria hilo, ndugu msomaji: mteja anachagua. Nikamwonea huruma mwenye mashine ya ng'ambo, mpaka nilipoonyeshwa alipo. Alikuwa katikati ya foleni yetu, hana hata kibaba cha mahindi, akihimiza: "Soma, mama! Huyo mume akarudi?"